Wateja wanavua VR wakisema mikono si yao

BARUA

Mshauri, salamu kutoka Tanga.

Nina fremu ya gemu karibu na stendi. Zamani ilikuwa PlayStation na TV tu, sasa nimeongeza miwani ya VR, ile inayofunika macho na kukuingiza ndani ya dunia ya gemu. Ni Quest 2 niliyoinunua mkononi kwa mtu. Inaingiza pesa kuliko TV zote. Lakini imeniletea mambo nisiyoyaelewa, na majirani wameshaanza maneno.

La kwanza ni binti mmoja wa chuo. Alicheza karibu saa nzima kwa sababu hakukuwa na foleni. Alipovua alikaa kwenye benchi anageuza viganja vyake juu chini, anasema anajua ni mikono yake ila haioni kama yake. Akanyoosha mkono achukue chupa ya maji, akaikosa, akashika hewa pembeni. Asubuhi alinitumia ujumbe kwamba hali imeisha. Mama yake hakuridhika: amekuja fremuni mbele ya wateja kusema mashine ina jini.

La pili, kuna gemu ya kucheza wawili mtandaoni. Mteja akiguswa na mkono wa yule mwenzake wa kwenye gemu, anaruka na kusema amehisi mguso, kama ganzi inayotambaa. Mimi nasimama pale pale, hakuna aliyemsogelea.

La tatu ndilo linaninyima raha. Kuna kaka mmoja aliyekatwa mkono wa kulia chini ya kiwiko kwenye mashine ya korona ya kuchakata mkonge. Anasema vidole bado anavihisi, vimekunjwa ngumi, na usiku vinamuuma. Alisikia kwamba VR inatibu maumivu ya namna hiyo. Nikamfungia pedi ya kulia, kile kidude cha kushika mkononi, kwenye kigutu kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, nikaukaza isidondoke. Alipouona mkono wake ndani ya miwani alilia kwa furaha. Usiku akanipigia, maumivu yamezidi kuliko siku zote. Bado anataka kurudi. Nimruhusu?

Ili unielewe vizuri: sakafu na mipaka ya ndani ya miwani naweka mara moja asubuhi, nikiwa nimeweka pedi juu ya stuli. Lenzi sijawahi kuzisogeza. Wateja wengine wanalalamika kwamba meza za kwenye gemu zinawafika kifuani, wengine wanapata kichefuchefu. Taa ya fremu ni moja, nayo inapepesa. Pia kuna mtu ananiuzia vile vibox vya kuweka simu ukavivaa machoni kama VR, bei ni ndogo sana. Nichukue vitano nipunguze foleni?

Mwenye fremu, Tanga

JIBU

Ndugu yangu, mashine haina jini. Mengi uliyoyaeleza ni ubongo unaofanya kazi yake ya kawaida, na sehemu kubwa ya kero inatokana na stuli, lenzi na taa. Ila mpira wa tyubu ukate leo. Usimfungie tena yule kaka pedi kwenye kigutu mpaka usome sehemu yake hapo chini.

Habari za mwili huufikia ubongo kwa njia kadhaa kwa pamoja: macho, ngozi, misuli na viungio vinavyoeleza mkono umekaaje hata ukifumba macho, na sikio la ndani linaloeleza kichwa kimeelekea wapi. Ubongo huzilinganisha habari hizi bila kupumzika. Zikikubaliana mahali na wakati, hitimisho lake ni kwamba huu ni mwili wangu. Zikitofautiana kidogo kuhusu mahali, mara nyingi macho ndiyo yanayosikilizwa zaidi. VR inatumia mwanya huo. Inaonyesha mkono ulipo mkono wako, unaokwenda unapokwenda wako, kwa wakati ule ule, na ubongo haupati sababu ya kuukataa.

Wala hailazimu mashine ya gharama. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Matthew Botvinick na Jonathan Cohen, waliwafanya watu wahisi kwamba mkono wa mpira uliowekwa mezani ni wao. Jaribio lenyewe unaweza kumfanyia mama wa yule binti, kwa adabu na kwa ridhaa yake, na litakusaidia kuliko maelezo ya saa nzima.

Chukua glavu ya mpira ya kuoshea vyombo, uijaze matambara mpaka vidole vikae kama vya mtu. Tafuta brashi mbili ndogo zinazofanana, kipande cha katoni na kanga. Mama akae mezani, mkono wake wa kulia juu ya meza. Simamisha katoni upande wa kushoto wa mkono huo ili asiuone. Upande anaouona weka glavu, sentimita 15 hadi 20 kutoka mkono halisi, vidole vikielekea kule kule vinakoelekea vyake. Kanga ifunike kuanzia begani mpaka kwenye kifundo cha glavu, macho yasione mkono umeishia wapi. Sasa pitisha brashi moja kwenye kidole cha glavu na nyingine kwenye kidole kile kile cha mkono uliofichwa, mwelekeo mmoja, kwa pamoja, kama mara moja kwa sekunde. Yeye atazame glavu tu. Baada ya dakika moja au mbili watu wengi husema brashi wanaihisi pale kwenye glavu.

Kisha mwambie afumbe macho, na kwa mkono wa kushoto, chini ya meza, aonyeshe kidole chake cha shahada cha kulia kilipo. Mara nyingi ataonyesha sentimita kadhaa kuelekea kwenye glavu. Yule binti alikosa chupa kwa sababu hii hii.

Usiishie hapo. Rudia, lakini brashi ya mkono halisi ichelewe nusu sekunde. Hisia itayeyuka. Geuza glavu ielekee pembeni kwa nyuzi 90, itakufa kabisa. Majaribio ya maabara yanaonyesha kwamba kuchelewa kukifika kiasi cha milisekunde 300 ubongo huanza kukataa mkono. Zingatia hili: mashine inayochelewa inampa mteja mwili ambao ubongo unaukubali na kuukataa papo kwa papo. Ndiyo maana nakushauri usitumie Quest yako kwa kurusha picha kutoka kwenye kompyuta kupitia Wi-Fi ya fremu yenye simu za wateja kumi. Tumia gemu zilizomo ndani ya miwani yenyewe. Na spika za masikioni za Bluetooth ziache, sauti yake huchelewa; tumia za waya.

Wapo wasiohisi kitu katika jaribio la glavu, na wapo wanaohisi ndani ya sekunde chache. Tofauti hiyo utaikuta kwa wateja wako pia, kwa hiyo usipime usalama wa mteja mmoja kwa kumtazama mwingine.

Tuje kwa binti. Mambo mawili yalimkuta. Kukosa chupa ni suala la kipimo: kwa saa nzima mkono aliouona ulikuwa umehama kidogo kutoka mahali pa mkono wake, ubongo ukarekebisha hesabu zake, na alipovua ile hesabu mpya ilikuwa bado inatumika. Kuona mikono kama si yake ni jambo la jirani lakini si lile lile. Utafiti mmoja uliofanyika Canada na kuchapishwa mwaka 2010 ulikuta watu wazima wenye afya, baada ya VR, wakiripoti kwa kiasi fulani zaidi ile hali ya kujiona wako mbali na mwili wao au dunia kuonekana kama si halisi. Kwa wengi huisha yenyewe haraka, kama ilivyoisha kwake. Ikimpata mtu ikakaa zaidi ya siku mbili, au ikaja na hofu kali na kukosa usingizi, huyo aende hospitali, na VR aiache.

Kwa nini mkono ulihama? Quest 2 inatafuta pedi na mikono kwa kamera nne za mbele. Kamera zinahitaji mwanga wa kutosha na uliotulia. Kwa taa moja inayopepesa, zinapoteza pedi mara kwa mara, mashine inakisia, na mkono unaonekana umesogea au unatetemeka. Weka taa mbili za LED zisizopepesa, pande mbili za fremu, ili mwili wa mteja usitupe kivuli kwenye pedi. Kioo kikubwa cha ukutani kifunike, kinazichanganya kamera. Na jua la jioni lisiingie kwenye lenzi hata kwa dakika chache miwani ikiwa imelala kaunta: lenzi zinalikusanya jua na kuunguza kioo cha ndani, na alama hiyo haifutiki.

Halafu angalia mteja anavyoshika pedi. Mashine inachora mkono kwa kudhani pedi imekaa sawasawa ndani ya kiganja. Mtu akiishika kwa ncha za vidole, mkono unaochorwa unapinda tofauti na wake. Mwambie aikumbatie kiganjani na kamba ya pedi ikae kifundoni kabla hujaanzisha gemu.

Lenzi ni kosa lingine. Quest 2 ina nafasi tatu za lenzi: milimita 58, 63 na 68. Umbali kati ya mboni mbili za mtu mzima kwa kawaida uko karibu na milimita 63, lakini watu hutofautiana sana. Pima hivi: simama mbele ya mteja kama sentimita 40, rula ya milimita ikae juu ya pua yake usawa wa mboni. Fumba jicho lako la kulia, mwambie atazame la kushoto, linganisha sifuri na katikati ya mboni yake ya kulia. Kisha bila kusogeza rula, fumba la kushoto, atazame la kulia, usome namba kwenye mboni yake ya kushoto. Ikiwa 61 au chini, weka nafasi ya kwanza. Kati ya 61 na 66, ya pili. Zaidi ya 66, ya tatu. Unasogeza lenzi kwa kuzisukuma taratibu kwa vidole mpaka zikae. Lenzi zikiwa mbali kuliko macho, mtu anaona ukungu, anaumwa kichwa, na umbali na ukubwa wa vitu, mikono ikiwemo, unapotoka.

Sasa stuli. Hapa nilicheka kidogo, unisamehe. Ukiweka pedi juu ya stuli ya sentimita 45 na kuiambia mashine hapo ndipo sakafu, mtu ambaye macho yake yako mita 1.55 kutoka chini anaingia gemu akiwa na macho mita 1.10 kutoka sakafuni. Umemfanya mtoto. Meza lazima zimfike kifuani.

Na hilo si la macho tu. Mwaka 2013 kikundi cha mtafiti Mel Slater, Chuo Kikuu cha Barcelona, kiliwaweka watu wazima ndani ya mwili wa mtoto wa miaka kama minne, unaosogea pamoja nao. Walikadiria vitu kuwa vikubwa kuliko vilivyo. Walipowekwa kwenye mwili wa mtu mzima uliopunguzwa ukawa na kimo kile kile cha mtoto, walikosea pia, ila kwa kiasi kidogo kuliko kwenye mwili wa mtoto. Maana yake ubongo haukutazama urefu wa macho peke yake, uliuliza pia huu ni mwili wa nani. Watu wa chuo hicho hicho walionyesha mwaka 2012 kwamba mkono wa VR uliorefushwa hata mara tatu unaweza kukubaliwa kama wako. Ubongo unakubali mengi. Basi mteja wa shilingi elfu kadhaa asipewe mwili wa ajabu kwa sababu ya stuli: gusisha pedi kwenye sakafu yenyewe, hakikisha alama ya sakafu ndani ya miwani inalingana na unyayo wako, na rudia kila ukihamisha kifaa au umeme ukikatika na taa kuzimika.

Muda uwe dakika 20 kwa mzoefu, na kwa anayeanza dakika 5 hadi 10. Mtengenezaji mwenyewe anashauri mapumziko ya dakika 10 hadi 15 kwa kila dakika 30. Saa nzima usiuze tena hata kama fremu iko tupu.

Kutoka kwenye miwani nako kuna utaratibu wake, na watu wa gemu wengi hawaujali. Dakika ya mwisho mteja asimame tuli, aache pedi zining'inie kifundoni, asugue viganja vyake. Afumbe macho, umvue, kisha afumbue. Akae. Kwa kila mkono aguse ncha ya pua yake kisha ncha ya kidole chako ulichokiweka mbali kiasi cha urefu wa mkono wake, mara kumi, wewe ukikihamisha kidogo kila mara. Mara za kwanza atakosea, za mwisho atapatia. Ndivyo hesabu ya zamani inavyorudi. Halafu amimine maji kutoka jagi kwenda kikombe, anawe mikono kwa maji baridi. Anayeendesha bodaboda asubiri nusu saa, na kama bado anakosea kidole chako asiondoke nayo.

Usiowaruhusu: mwenye kifafa au aliyewahi kupoteza fahamu kwa mwanga unaomweka, aliyekunywa, mwenye kizunguzungu siku hiyo, mjamzito au mwenye kifaa cha kuendesha moyo bila ushauri wa daktari wake, na mtu anayetibiwa kwa kusikia sauti au kuona visivyokuwepo. Watoto chini ya miaka 10 kifaa chako hakikuwalenga. Andika haya kwenye bango mlangoni, usisubiri kuuliza mtu akiwa ameshalipa.

Mguso wa yule mteja wa mtandaoni ni wa kweli kwake. Chuo Kikuu cha Ruhr mjini Bochum, Ujerumani, kilichapisha mwaka 2023 utafiti wa watu 36 waliojigusa mkono kwa fimbo ya VR. Wengi walihisi kitu, mara nyingi mchonyoto au ganzi, na baadhi walihisi hata sehemu ya mkono ambayo miwani haikuionyesha. Hakuna madhara ya kiafya ninayoyaona hapo. Kuna suala la heshima: ikiwa mguso unahisika, basi mtu asiyejulikana akimpapasa mteja wako ndani ya gemu, hilo si mchezo, hasa kwa mabinti. Kwenye mipangilio ya gemu nyingi za wengi kuna mpaka unaozuia wengine kukusogelea. Uwashe, na mwonyeshe mteja namna ya kutoka haraka.

Kichefuchefu kifupi tu: macho yanasema tunakwenda, sikio la ndani linasema tumesimama. Anayeanza apewe gemu ambayo dunia imetulia na anayesogea ni yeye. Gemu za kuendesha na za bembea kubwa ziwe za wazoefu. Kugeuka kuwe kwa kuruka nyuzi 30 au 45, si kwa mzunguko laini. Feni impulize usoni. Akianza kutoka jasho jembamba na kupiga miayo, mvue papo hapo, usimwambie avumilie.

Kuhusu kaka wa mkonge, nadhani najua kilichotokea. Pedi ya Quest ina kitufe cha pembeni cha kushikia, na gemu nyingi huonyesha ngumi kitufe hicho kikibonyezwa. Mpira wako wa tyubu ulikikaza. Kwa hiyo mtu ambaye kila usiku anaumwa na ngumi isiyofunguka, ulimwonyesha ngumi isiyofunguka, tena mbele ya macho yake. Kila alipoamuru vidole vifunguke, macho yalirudisha jibu lile lile: vimekunjwa. Isitoshe, mkono ulichorwa ukianzia kwenye ncha ya kigutu, yaani kiganja kilikuwa kimevutwa karibu na kiwiko. Watu wengi waliokatwa viungo hupata hali hiyo hata bila VR, ya kuhisi kiganja kimerudi ndani ya kigutu. Siwezi kuthibitisha kwa barua kwamba ndiyo sababu pekee, lakini hata kama gemu lingeonyesha vidole wazi, pedi haijui yeye anataka kufanya nini.

Ndiyo tofauti na vifaa vya hospitali alivyovisikia. Katika utafiti wa mtafiti Max Ortiz-Catalan na wenzake uliochapishwa mwaka 2016, watu 14 waliokatwa mkono walibandikwa vihisio kwenye ngozi ya kigutu. Misuli iliyobaki ikijikaza, kompyuta inasoma na mkono wa kwenye skrini unafungua au kufunga vile mtu alivyokusudia. Baada ya vipindi 12 maumivu yalipungua kwa karibu nusu. Kinachofanya kazi pale ni nia na picha kukubaliana, na hilo fremu yako haina.

Kitu anachoweza kukipata kwa bei ya kioo ni tiba ya kioo cha kujitazamia. Mtafiti wa ubongo V. S. Ramachandran aliianzisha miaka ya 1990. Lakini kwanza aonwe na daktari. Aulizwe: maumivu yako kwenye vidole visivyokuwepo, au kwenye kigutu chenyewe? Kigutu kikiwa chekundu, cha moto, au ukigonga sehemu moja kwa kidole anaruka kama kapigwa shoti, hiyo huenda ni maambukizi au uvimbe kwenye ncha ya mshipa wa fahamu, na kioo hakitibu hivyo. Anaweza kwenda Moshi. Hospitali ya KCMC pana wataalamu wa fiziotherapia, na pana TATCOT, chuo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia tangu 1981. Madaktari wana dawa pia za maumivu ya mishipa ya fahamu, wamwamulie wao.

Mtaalamu akikubali, zoezi ni hili. Kioo cha sentimita 40 kwa 60, kingo zifungwe kwa selotepu pana asijikate. Kisimame mezani katikati ya kifua chake, upande unaoakisi ukitazama mkono mzima wa kushoto. Kigutu kikae nyuma ya kioo. Avue saa na pete, maana mkono wa kulia haukuwa nazo, na mikono ya shati ikunjwe sawa pande zote. Ainamishe kichwa mpaka aone kioo tu, na ndani yake mkono wa kulia.

Dakika 2 za kwanza atazame bila kusogeza. Kisha akunje ngumi mkono wa kushoto, ili anachokiona kilingane na anachokihisi. Hapa ndipo wengi wanakosea: wanaanza na kiganja kilichofunguka wakati mkono usiokuwepo umekunjwa, na pande mbili hazikutani. Alegeze taratibu, kidole kwa kidole, huku akiamuru pande zote mbili zifunguke pamoja. Baadaye ageuze kiganja, aguse kidole gumba na kila kidole. Dakika 15 kwa siku, wiki 4. Hicho ndicho kipimo kilichotumika katika jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2007 kwa waliokatwa miguu. Watu 18 walilimaliza, sita kwa kila kundi, na wote sita wa kioo maumivu yao yalipungua. Kundi la kioo kilichofunikwa na la kuwaza tu halikupata nafuu ya namna hiyo. Majaribio mengine hayakutoa matokeo mazuri kiasi hicho, kwa hiyo usimwahidi. Ikitokea maumivu yanapanda wakati wa zoezi na hayashuki ndani ya saa moja, apunguze hadi dakika 5, na yakirudia asimamishe mpaka amwone mtaalamu. Wawili katika jaribio lile walipata huzuni ya ghafla walipouona mguu kwenye kioo. Yule kaka naye alilia fremuni kwako. Asifanye peke yake siku za mwanzo, ndugu yake awe karibu.

Tena usimtoze. Na lile wazo la kuandika ubaoni kwamba unatibu maumivu, ambalo hukulitaja lakini nahisi linakunyemelea, liache.

Vibox vya simu usivichukue. Simu iliyomo ndani inajua kichwa kimegeukia wapi tu. Haijui umesogea mbele, umeinama wala mikono yako iko wapi. Mteja akiinama, dunia yote inainama naye. Simu nyingi za bei ya chini pia huchelewa na kupata moto, na vibox vingi lenzi zake hazisogei. Utapunguza foleni kweli, ila benchi litajaa wanaotapika. Pesa hiyo nunua taa mbili, rula, na vifuniko vitatu vya uso vya kubadilisha vinavyooshwa, kwa sababu jasho la Tanga kwenye sponji moja kutwa nzima ni kesi nyingine.